Mbuni wa Pwani Yetu

Mama, ukimwuliza mtoto wa shule hapa Nyangamara kahawa inalimwa wapi, atakujibu haraka: Kilimanjaro, Kagera, Mbinga. Atakuwa amejibu vizuri, na mwalimu atampa alama zake. Ukimwuliza Lindi kunalimwa nini, atataja korosho, ufuta, karanga, mbaazi na muhogo. Kahawa kwetu huja dukani ikiwa ndani ya pakiti, au huja jioni ndani ya birika la muuza kahawa, imeshachemshwa, chungu, ya kunywa na kashata.

Hata hivyo jibu la mtoto huyo lina upungufu ambao hata sisi wazazi wengi tunao. Pwani hii, kuanzia kusini mwa Tanzania hadi Msumbiji, ina kahawa yake yenyewe. Haikuletwa na meli wala na mkoloni. Ilikuwa msituni kabla ya babu zetu kufyeka shamba la kwanza. Majirani zetu wa ng'ambo ya Mto Ruvuma wanaijua, wanaipanda uani na kuinywa. Sisi tumeisahau, na misitu inayoitunza inapungua kila mwaka. Katika makala hii tutaangalia kahawa hiyo imetoka wapi, kwa nini inapendwa, na kwa nini jambo hili linamhusu mama wa nyumbani.

UKOO MKUBWA WA KAHAWA

Wengi wetu tunadhani kahawa ni mti wa aina moja. Sivyo. Mti wake, ambao kwa Kiswahili unaitwa mbuni, una ukoo mkubwa. Kufikia mwaka 2019 wataalamu wa mimea walikuwa wamehesabu aina 124 za mibuni duniani, nyingi zikiwa za mwituni barani Afrika na katika kisiwa cha Madagaska. Kati ya hizo, aina mbili tu ndizo zinazoijaza dunia karibu kahawa yake yote: arabika na robusta.

Arabika asili yake ni misitu ya milimani ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ilivuka bahari hadi Yemeni, na huko katika karne ya 15 watawa wa Kiislamu walikuwa wakiinywa ili wasisinzie katika sala za usiku. Bandari ya Mokha ilipata umaarufu kwa biashara hiyo. Neno letu kahawa limetoka katika Kiarabu, na neno buni pia. Mwishoni mwa karne ya 19 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walileta mbegu za arabika kutoka kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Mbegu zilipitia Bagamoyo hadi Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Wachaga waliipokea wakaipanda katikati ya migomba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU.

Robusta ni mti wa nchi za joto na mvua nyingi. Wahaya wa Bukoba walikuwa nayo kabla mzungu yeyote hajafika kwao. Hawakuinywa, waliichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa buni chache mkononi. Wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walitafuna buni pamoja.

Kwa hiyo kila upande wa nchi yetu una hadithi yake ya kahawa. Sasa tuitazame ya kwetu.

JINA LA PWANI KATIKA KITABU CHA PADRE

Katika karne ya 18 aliishi padre mmoja Mreno wa Shirika la Yesu aliyeitwa João de Loureiro. Alifanya utume kwa miaka mingi katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Vietnam, na huko alijifunza mimea ya dawa ili aweze kuwahudumia wagonjwa. Kitabu chake kikubwa cha mimea kilichapishwa Lisbon mwaka 1790. Ndani yake, pamoja na mimea ya Asia, alieleza pia mbuni wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Akaupa jina la kitaalamu Coffea zanguebariae.

Usidhani kwamba jina hilo lina maana ya kisiwa cha Unguja peke yake. Zamani wageni waliita pwani yetu yote kwa jina la Zanguebar, yaani pwani ya Zinji. Hivyo jina la mbuni huo maana yake ni kahawa ya pwani ya Waswahili. Wataalamu wa baadaye waliuona mti huohuo kisiwani Ibo, katika Jimbo la Cabo Delgado huko Msumbiji, wakauita kahawa ya Ibo. Ni mti mmoja wenye majina mawili.

Hautishi kwa ukubwa. Ni kichaka au mti mdogo. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani ili kuvumilia ukame, na mvua zikirudi huchipua tena. Maua yake ni meupe. Buni zake ni ndogo kuliko za arabika. Arabika ukiileta Nyangamara itateseka, kwa sababu imezoea baridi ya milimani. Mbuni wa pwani umezoea joto letu, udongo wetu na kiangazi chetu kirefu.

Nao si peke yake. Miaka ya 1934 na 1935 Mjerumani mmoja, Hans-Joachim Schlieben, alikusanya mimea mingi mkoani Lindi, hasa karibu na Ziwa Lutamba. Baadaye mbuni mwingine wa mwituni wa kusini mwa Tanzania ulipewa jina lake, ukaitwa Coffea schliebenii. Wataalamu walioko mbali wameyaandika majina haya katika vitabu vyao. Sisi tunaokata kuni katika misitu hiyo hatuyajui.

IBO, AMBAKO KAHAWA IKO UANI

Ibo ni kisiwa kidogo katika visiwa vya Kirimba. Kwa mtu wa Kilwa au Lindi si mahali pa kigeni. Majahazi yamepita kati ya bandari hizi kwa karne nyingi. Lugha ya huko, Kimwani, ina undugu na Kiswahili, na Wamakonde na Wamakua wako pande zote mbili za Ruvuma. Wareno walijenga hapo ngome ya São João Baptista mwaka 1791, na kwa muda mrefu Ibo ulikuwa mji mkuu wa eneo hilo.

Fahari ya Wareno imepita, na nyumba nyingi za mawe zimebaki magofu. Lakini kahawa imebaki. Haikubaki kwa sababu ya mashamba makubwa ya wazungu. Ilibaki kwa sababu watu wa kawaida waliiacha uani, karibu na nyumba, pamoja na miti mingine ya chakula na kivuli. Familia huchuma buni zilizoiva, huzianika juani, huzitwanga ili kutoa maganda, huzikaanga na kunywa. Kinachobaki huuzwa, na wageni wanaofika kisiwani huinunua kama kitu cha thamani kwa sababu hawawezi kuipata dukani kwao.

Tangu Oktoba 2017 Jimbo la Cabo Delgado limekumbwa na mapigano. Watu wengi wameyahama makazi yao, na baadhi walikimbilia Ibo. Katika hali kama hiyo mtu hawezi kubeba shamba lake. Tunapowakumbuka majirani zetu hao, tukumbuke pia kwamba mti unaotunzwa mahali pachache unaweza kupotea kwa urahisi, vita au kimbunga kikitokea. Ndiyo sababu ni vizuri mti wa thamani uwe na walezi wengi.

KWA NINI INAPENDWA

Sababu ya kwanza ni upole wake. Kitu kinachotufanya tukose usingizi tukinywa kahawa kinaitwa kafeini. Katika gramu 100 za buni kavu za arabika kuna kafeini kama gramu 1 na zaidi kidogo. Katika robusta ni kama gramu 2. Katika buni za mbuni wa pwani kafeini ni kidogo zaidi. Pia kuna ndugu yake wa misitu ya pwani ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania ambaye watafiti hawakumkuta na kafeini. Huko Ulaya na Marekani viwanda hutumia gharama kubwa kuiondoa kafeini katika kahawa kwa ajili ya watu wasioipatana nayo. Mwenyezi Mungu ameotesha pwani kwetu kahawa yenye kafeini kidogo.

Sababu ya pili ni uhaba wake. Kitu kinachopatikana kisiwa kimoja na misitu michache huwa na bei kwa mwenye kujua.

Sababu ya tatu inahusu siku zijazo. Arabika inasumbuliwa na magonjwa na joto linaloongezeka. Wakulima wa milimani wameanza kuona mvua zimebadilika. Watafiti wanatafuta katika ukoo wa mibuni ya mwituni sifa za kuisaidia, kama vile uvumilivu wa ukame. Mbuni unaoishi katika joto la Lindi na miezi mingi bila mvua una sifa ambayo dunia ya kesho inaihitaji.

KAHAWA NA AFYA YA MAMA

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu akina mama wengi wana maswali kuhusu kahawa.

Mama mjamzito anaweza kunywa kahawa? Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mjamzito anayetumia kafeini nyingi, yaani zaidi ya miligramu 300 kwa siku, apunguze. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kawaida kinaweza kuwa na miligramu kama 100. Kumbuka kwamba chai ya rangi na soda za kola pia zina kafeini; zihesabu pamoja. Aliye na shaka amwulize mkunga katika kliniki.

Jambo la pili ni damu. Wanawake wengi wa mikoa ya pwani hupungukiwa damu, hasa kwa sababu ya malaria, minyoo na uzazi wa karibu karibu. Kahawa au chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe. Afadhali kunywa saa nzima baada ya kula, au kabla. Badala yake, chakula kifuatwe na chungwa, papai au embe, maana matunda haya husaidia mwili kupata madini hayo.

Watoto wadogo wasipewe kahawa. Wapewe maziwa, uji na maji safi.

Na kuhusu mbuni wa pwani, onyo moja: usiende msituni kuchuma matunda yanayofanana na buni na kuyapika. Iko miti mingi inayofanana, na mingine ni sumu. Mti ujulikane kwanza kwa msaada wa bwana au bibi shamba au mtaalamu wa misitu.

MSITU UKIISHA

Mwaka 2019 wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya aina zile 124 za mibuni. Waliona kwamba 75 kati yake, yaani 60 kwa mia, ziko katika hatari ya kutoweka. Sababu kubwa ni kukatwa kwa misitu.

Sababu hiyo tunaifahamu vizuri bila kwenda Uingereza. Misitu ya pwani ya Lindi, kama Litipo karibu na Lutamba na ule wa juu ya Rondo, ni mabaki ya misitu iliyokuwa mikubwa zaidi. Ndani yake wamo viumbe wachache sana duniani, kama komba mdogo wa Rondo. Moto wa kuandaa mashamba huingia msituni. Magogo yamevunwa. Mkaa unahitajika mjini. Mama naye anahitaji kuni za kupikia leo jioni, na hawezi kuambiwa tu kwamba aache.

Lakini zipo njia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kumiliki msitu wake, kuuwekea kanuni na kupata mapato yake. Wilayani Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilifanya hivyo. Mwaka 2009 misitu yao ilipata hati ya kimataifa inayothibitisha kwamba inatunzwa ipasavyo, na mpingo wake ukaweza kuuzwa kwa faida ya kijiji. Msitu ukiwa na mwenyewe, unapona. Msitu usio na mwenyewe kila mtu anachukua, na hakuna anayerudisha.

Akina mama, mikutano ya kijiji inapozungumzia msitu tusikae nyuma tukinong'ona. Sisi ndio tunaoingia msituni mara nyingi kuliko wanaume. Tunajua maji yamekauka wapi na kuni zimesogea umbali gani. Kamati ya maliasili ya kijiji isiyo na wanawake inakosa macho yanayoona zaidi.

NI NANI ATASHIKA FEDHA?

Kuna jambo lingine la kujifunza kutoka kwa dada zetu wa mikoa ya kahawa. Huko mama hupalilia, huchuma, hubeba maji ya kuoshea na huanika. Lakini mara nyingi jina lililoandikwa katika chama ni la baba, na malipo huenda kwake. Kilimanjaro tangu zamani kahawa ilihesabiwa ya mume, ndizi na maziwa ya mke. Nyumba zenye mapatano mazuri hazikuumia. Nyumba zisizo na mapatano ziliona fedha za msimu mzima zikiishia kilabuni, na ada ya shule ikakosekana.

Sisi tunayaona hayohayo katika korosho na ufuta. Kwa hiyo tukipanda kitu kipya nyumbani, iwe mchungwa, mpapai au siku moja mbuni, tuzungumze na waume zetu mapema, wakati wa amani, kabla fedha haijaonekana. Nani anatunza, nani anauza, na sehemu gani itakwenda kwa watoto. Ndoa hujengwa kwa mazungumzo kama hayo. Mti wa uani una faida hii, kwamba uko machoni pa wote wawili kila siku.

TUANZE WAPI?

Msomaji anaweza kuuliza, je, nikanunue wapi miche? Kwa sasa mbuni wa pwani si zao la sokoni kwetu, na si vizuri kuuza matumaini matupu. Hakuna anayesema ung'oe mikorosho. Yapo mambo manne ambayo tunaweza kuyafanya.

Kwanza, tuwaulize wazee. Wako bibi na babu wanaoyajua majina ya miti ya msituni kwa Kimwera, Kimakonde na Kimakua. Mtoto aandike majina hayo katika daftari. Wakishaondoka, hatutakuwa na wa kumwuliza.

Pili, tumwulize bwana au bibi shamba kuhusu mibuni ya mwituni. Swali moja kutoka kijijini linaweza kuamsha ofisi.

Tatu, mwenye eneo lenye kichaka cha asili asikifyeke chote. Aache sehemu kando ya kijito au kwenye mteremko.

Nne, tuwafundishe watoto kwamba Lindi nayo imo katika hadithi ya kahawa. Mtoto anayejua thamani ya kwao hakui akidhani kila kizuri kinatoka mbali.

KAHAWA YA JIONI NA KASHATA ZA UFUTA

Tukingojea siku hiyo, tunaweza kuandaa vizuri kahawa tunayoipata.

Kahawa: Nunua buni zisizokaangwa kama zinapatikana. Zichague, utoe mbovu. Zikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto wa wastani huku ukikoroga bila kuacha, mpaka ziwe na rangi ya udongo mwekundu uliokolea. Zikiwa nyeusi kabisa zimeungua, na kahawa itakuwa na ladha ya majivu. Ziache zipoe, uzitwange kwenye kinu na kuchekecha. Chemsha maji pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa na punje mbili tatu za iliki. Weka kahawa vijiko viwili vikubwa kwa kila vikombe vinne vya maji, iache ichemke kwa moto mdogo dakika tano, kisha epua ili machicha yashuke. Mimina taratibu katika vikombe vidogo.

Kashata: Chukua ufuta safi vikombe viwili na sukari kikombe kimoja. Kaanga ufuta mpaka unukie, uweke pembeni. Yeyusha sukari kwenye sufuria kwa moto mdogo, bila maji, mpaka iwe na rangi ya asali. Tia ufuta, koroga upesi, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo. Sambaza kwa kibao, na ukate vipande kabla haijapoa. Angalia watoto wasikaribie, sukari iliyoyeyuka huunguza vibaya.

Muuza kahawa wa barazani huwakusanya wanaume. Si vibaya siku moja moja birika likawekwa nyumbani, baba, mama na watoto wakubwa wakakaa pamoja baada ya kazi. Hapo ndipo habari ya mbuni wa pwani inaweza kusimuliwa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu bado upo msituni. Tusiukanyage bila kujua.

YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni miti gani ya asili iliyokuwapo kijijini kwetu tulipokuwa wadogo na sasa haionekani? Ilitusaidia nini?
2. Je, kamati ya maliasili ya kijiji chetu ina wanawake wangapi? Wanapewa nafasi ya kusema?
3. Nyumbani kwetu, fedha za korosho na ufuta hupangwa lini na nani? Tungependa kubadili nini msimu ujao?